Sura ya Saba: Gari la Kwenda Kipili na Kurudi

Kutoka Sumbawanga mjini hadi bandari ya Kipili ni chini ya kilomita 200, na anayeitazama njia hiyo kwenye ramani huona ni safari ya asubuhi moja. Kisichoonekana upesi ni kwamba Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ilhali maji ya Ziwa Tanganyika yako karibu mita 770. Anayekwenda Kipili hushuka zaidi ya mita 1,000, na anayerudi huzipanda zote. Kiangazi vumbi ni jingi na mawe ni mengi, lakini gari la wastani huenda na kurudi. Mvua zikishaanza, kwa kawaida kuanzia Novemba hadi Aprili, gari la wastani bado hufika ziwani. Kazi ni kulirudisha.

Ndiyo maana nasema gari la Kipili liandaliwe kwa ajili ya safari ya kurudi. Anayejiandaa kushuka huangalia mafuta na upepo wa matairi, basi. Anayejiandaa kupanda, huku nyuma kuna magunia ya dagaa, chini kuna tope, na gereji ya maana iko Namanyere au Sumbawanga kwenyewe, ataangalia mambo mengine kabisa, na ataanza kuyaangalia wiki mbili kabla ya kuondoka.

Zamani hakuna aliyehitaji kufundishwa haya. Kabla ya lami, lori lililotoka Tunduma kuja Sumbawanga wakati wa masika liliweza kulala njiani, na dereva na utingo wake walibeba jembe, panga, kamba na sufuria ya kupikia kama sehemu ya vifaa vya gari. Mwaka 2008 Tanzania ilisaini na Marekani mkataba wa fedha za MCC, shirika la misaada la nchi hiyo, na sehemu ya fedha hizo ikajenga barabara ya lami kutoka Tunduma hadi Sumbawanga. Baadaye lami ikaendelea kaskazini kuelekea Mpanda. Ni neema kwa mkoa mzima: mahindi na maharage ya uwanda huu wa Ufipa yanasafiri, wagonjwa wanafika Mbeya. Lakini imezaa pia msafiri wa aina mpya. Anatoka Dar es Salaam hadi Sumbawanga bila kukanyaga tope, analala, asubuhi anashika njia ya Mpanda kisha anakata kushoto kwenda Namanyere na ziwani, akiwa na gari lile lile, matairi yale yale na mazoea yale yale. Sehemu kubwa ya njia ya kushukia ziwani ni changarawe na udongo, na udongo ule ukipata mvua ya nusu saa unakuwa barabara nyingine.

Vitabu vya magari kutoka Ulaya huwa na sura ya majira ya baridi, na msomaji wa huku huiruka akidhani ni habari za theluji tu. Asiiruke. Mwezi ule ule wa Novemba ambao dereva wa Finland anabadilisha matairi, anapima betri na kukagua maji ya kupoozea injini, ndio mwezi ambao Ufipa hupata mvua zake za kwanza. Adui ni tofauti, ila orodha ya vitu vya kukagua inafanana kwa kiasi cha kushangaza. Kinachobadilika ni sababu, na mtu akizijua sababu hatahitaji orodha.

Nitaanza na breki, na nitakaa hapo kidogo. Gari la familia likiwa na watu na mizigo hufika tani mbili kwa urahisi. Tani mbili zikishuka mita 1,000 hutoa nishati ya kutosha kuchemsha zaidi ya lita 50 za maji ya baridi. Sehemu ya nishati hiyo huchukuliwa na upepo na msuguano wa matairi. Iliyobaki lazima iende mahali, na dereva ndiye anayechagua iende kwenye injini au kwenye breki. Akishuka amekanyaga pedali muda wote, ameipeleka kwenye pedi, ngoma na mafuta ya breki.

Mafuta ya breki ndiyo yanayosahauliwa kuliko kitu chochote kwenye gari. Yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewani kidogo kidogo, hata kama chupa yake haijaguswa. Yale ya daraja la DOT 3, yakiwa mapya, hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140. DOT 4 huanza na 230 na kushuka hadi 155. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Dereva anakanyaga, pedali inazama hadi sakafuni, gari halisimami. Dakika kumi baadaye breki zikishapoa pedali hurudi kama kawaida, fundi anakagua na haoni kitu, na ajali inaandikwa kuwa ya uzembe.

Kwa hiyo usikubali kuridhishwa na kiwango cha mafuta ndani ya chupa. Fundi atakwambia, "Bosi, mafuta ya breki yapo, yamejaa." Mjibu kwa heshima, "Fundi, naomba uyamwage yote, uweke mapya, halafu utoe upepo magurudumu yote manne." Ifanye kazi hiyo kila baada ya miaka miwili, na ifanye Oktoba, kabla hewa haijajaa unyevu. Kama mafuta yamepungua kwenye chupa, usikimbilie kuyaongeza. Ama pedi zimelika, ama kuna mahali panavuja, na yote mawili unataka kuyajua ukiwa bado mjini.

Breki nzuri haziondoi haja ya gia. Madereva wa malori wa zamani walikuwa na sheria isiyopingika: gia unayopandia mlima ndiyo ya kuushukia. Siku hizi magari mengi madogo ni ya otomatiki, na wenye magari hayo huacha mkono kwenye D tangu Sumbawanga hadi ufukweni. Herufi L na namba 2 ziliwekwa kwa ajili ya miteremko kama hii. Zitumie kabla mteremko haujaanza. Kuna wanaotoa gia kabisa na kuliachia gari liporomoke lenyewe wakiamini wanaokoa mafuta. Kwenye injini za kisasa hawaokoi chochote: gari likishuka likiwa kwenye gia na mguu ukiwa nje ya pedali ya mafuta, kompyuta yake hukata mafuta kabisa, ilhali gari lililotolewa gia huendelea kuyachoma ili injini isizimike. Wanalipia mafuta na kupoteza breki kwa wakati mmoja.

Sasa geuza gari, uelekee juu. Hapa mzigo wote uko kwenye injini na mfumo wake wa kupoozea. Gari linapanda gia ya kwanza au ya pili, mwendo ni mdogo, upepo unaopita kwenye rejeta ni kidogo, na jua la ziwani ni kali. Kadiri linavyopanda, hewa inakuwa nyepesi. Karibu na Sumbawanga hewa imepungua kwa takribani asilimia 16 ukilinganisha na pwani, na injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho, hivyo dereva hukanyaga zaidi. Maji nayo hayachemki kwa nyuzi 100 huko juu. Kwenye sufuria ya mama wa Sumbawanga huchemka kwa takribani nyuzi 94, na ndiyo sababu maharage ya kule huchukua muda mrefu kuiva. Maji ya rejeta yangefanya vivyo hivyo kama si kifuniko cha rejeta, ambacho kwa kuzuia presha hupandisha kiwango cha kuchemka hadi juu sana ya 100. Mpira wa kifuniko hicho ukipasuka, kinga yote imekwisha, na kifuniko kipya ni bei ya chakula cha mchana. Badilisha hata kama hakijakusumbua.

Kuhusu maji yenyewe, nina neno zito zaidi. Watu wengi hujaza rejeta maji ya bomba, ya kisima au ya ziwa, wakisema kulenti ni ya nchi za baridi, kwa kuwa kazi yake ni kuzuia maji yasigande. Ni kweli kwamba ukichanganya nusu kwa nusu, mchanganyiko huo hauwezi kuganda hata baridi ikifika nyuzi 30 chini ya sifuri. Lakini mchanganyiko huo huo huchemka kwa joto kubwa kuliko maji matupu, na una dawa za kuzuia kutu. Gari lililokunywa maji matupu miaka mitatu lina kutu na magamba ndani ya mirija ya rejeta, na magamba hayo hayasemi lolote kwenye lami ya tambarare. Husema mlimani. Safisha rejeta, weka kulenti, na ukiwa hapo osha kwa maji ya taratibu nafasi kati ya mapezi yake kwa nje, kwa sababu safari moja ya tope huziba nusu ya eneo la kupitishia hewa.

Na kama sindano ya joto inaanza kupanda ukiwa mlimani, zima kiyoyozi, fungua hita ya ndani hadi mwisho na vioo vyote. Utatoka jasho, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili na itachukua sehemu ya joto la injini. Ikizidi kupanda, simama, acha injini ipoe, wala usifungue kifuniko kikiwa cha moto.

Matairi yana hadithi yake huku kwetu, kwa sababu magari yetu mengi ni mitumba kutoka Japani, na Japani ina majimbo ya theluji nzito. Baadhi ya magari hayo huja na matairi ya theluji. Utayatambua kwa alama ya mlima wenye chembe ya theluji ubavuni, au neno STUDLESS, na kwa vipande vya kashata vilivyokatwakatwa kwa mistari myembamba mingi. Mpira wake ni laini, umetengenezwa ubaki laini joto likiwa chini ya nyuzi 7. Yanaonekana mapya, yana kashata ndefu, na muuzaji huyasifia. Kwenye lami ya moto ya Tunduma yanalika haraka, gari linayumba kwenye kona, na breki ya ghafla huenda mbali kuliko inavyotakiwa. Yavue.

Unachotaka ni tairi lenye kashata nene zenye nafasi pana kati yake, ambalo linatema tope kila linapozunguka. Mengi ya aina hiyo yana alama M+S ubavuni: tope na theluji. Angalia pia umri. Kila tairi lina namba nne za mwisho ndani ya duara refu. 2319 maana yake limetoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la miaka kumi lenye kashata nzuri ni tairi bovu, kwa kuwa mpira umekauka. Kashata zikipungua chini ya milimita 4, tairi hilo libaki kazi za mjini. Hata Ujerumani, ambako sheria inawalazimisha madereva kuwa na matairi ya theluji pale barabara inapokuwa na barafu, wataalamu hushauri kiwango hicho hicho cha milimita 4, ingawa sheria inaruhusu 1.6.

Beba pampu ndogo ya upepo. Ukikwama kwenye udongo laini, kushusha presha kutoka 35 hadi karibu 20 hulipa tairi upana wa kukanyaga, na mara nyingi hilo peke yake linatosha kukutoa. Bila pampu hutathubutu kulifanya, maana kutembea kilomita nyingi juu ya changarawe na presha hiyo ni kuliua tairi. Madereva wa malori hufunga minyororo kwenye magurudumu ya nyuma. Mwenye gari dogo atatosheka na beleshi, panga la kukatia matawi, ubao wa kuwekea jeki isizame, na kamba imara yenye kulabu. Hakikisha gari lenyewe lina sehemu ya kufungia kamba hiyo mbele na nyuma, kwa sababu kuifunga kwenye bampa ni kuiaga bampa.

Usiwe na haraka ya kuyatumia hayo yote. Mvua ikikukuta juu ya mteremko wa udongo mwekundu, maandalizi bora ni kuegesha pembeni na kungoja. Udongo huo una uso wa utelezi ambao jua la saa mbili linaukausha. Udongo mweusi wa mabondeni haukauki kwa saa mbili, lakini na huo hauna sababu ya kupitiwa mvua ikinyesha.

Vijito ndivyo vinavyonitia hofu kuliko tope. Maji yanayotiririka ya kina cha sentimita 30 yanaweza kuliinua gari dogo, na ya sentimita 60 hubeba magari mengi, yakiwemo yale ambayo wenye nayo huyaamini. Hakuna maandalizi ya gereji yanayobadilisha hesabu hiyo. Shuka, ingia na fimbo ikiwa maji ni tulivu, waulize wenyeji wanaovuka kila siku, na ukiona kalvati limefunikwa na huoni kingo zake, rudi. Kwa vijito vidogo vinavyovukika kuna jambo la kujua kuhusu difu. Baada ya mwendo mrefu difu ni ya moto. Ikitumbukia ghafla kwenye maji ya baridi, hewa iliyomo husinyaa na kuvuta maji kupitia sili zilizochakaa. Hakuna kitakachoonekana siku hiyo. Ukifungua nati yake wiki mbili baadaye, oili imekuwa rangi ya chai ya maziwa na gia zimeanza kulika. Simama dakika kumi kabla ya kuvuka, iache ipoe. Baada ya kuvuka, kanyaga breki kidogo kidogo ukiwa kwenye mwendo ili pedi zikauke.

Springi na shokapu hukaguliwa chini ya gari, si kwa kulibonyeza kwa mkono. Jani moja la springi likishapasuka, mzigo wa kurudi utavunja yanayofuata. Ufipa ni nchi iliyojua chuma muda mrefu kabla ya gari: mabaki ya matanuru marefu ya udongo, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto, bado yapo uwandani, na majembe ya Wafipa yalitoka humo. Leo wahunzi wengi nchini hutengeneza mapanga kwa majani ya springi za malori. Kwa hiyo ujuzi wa kufua chuma upo, ila jani la springi lililopashwa moto na kunyooshwa na mhunzi lisirudi kwenye gari. Moto huo umekwisha kuliondolea ugumu wake.

Betri, wipa na taa ni mambo mafupi. Joto ndilo linaloua betri, na baridi ndiyo inayotangaza kifo chake, ndiyo sababu betri iliyokaa Dar es Salaam miaka mitatu hugoma alfajiri ya kwanza Sumbawanga, hasa Juni na Julai. Ipimwe kabla. Mpira wa wipa uliokauka kwa jua la kiangazi ubadilishwe. Kioo kikipata ukungu ndani unaposhuka kutoka baridi ya uwanda hadi unyevu wa ziwani, washa kiyoyozi. Hukausha hewa upesi kuliko kitambaa. Jaza mafuta Namanyere, kwenye kituo chenye pampu, na mwenye dizeli abebe filta ya akiba, kwa sababu mafuta ya madumu ya masika mara nyingi yana maji.

Kabla hujapanga siku ya kwenda, tazama mwezi. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wengi hupumzisha mitumbwi. Siku za giza Kipili na Kirando ya jirani huwa na malori mengi, na malori mengi kwenye tope huchimba mitaro ambayo gari dogo haliwezi kuipanda. Kama safari yako si ya dagaa, nenda mbalamwezi. Kama ni ya dagaa, jua kwamba gunia la dagaa wakavu ni jepesi na hudanganya: gari hujaa hadi juu kabla halijawa zito, na mzigo wa juu hulipindua kwenye kona za mtelezo. Samaki wa barafu ni kinyume chake, wachache tu tayari ni uzito kamili. Mzigo mzito uwekwe chini na mbele ya ekseli ya nyuma, ufungwe, kisha upepo wa matairi ya nyuma uongezwe kulingana na kibandiko kilichoko kwenye fremu ya mlango wa dereva.

Jioni ya kuamkia safari ya kurudi, ukiwa bado Kipili, ingia chini ya gari kungali na mwanga. Toa tope lililoganda ndani ya rimu, kwa sababu hulifanya gurudumu litikisike na wewe ukadhani ni stelingi. Angalia mabomba ya breki kama hayajakatwa na mawe, kaza nati za magurudumu, pima oili na kulenti injini ikiwa baridi. Ondoka alfajiri, mvua za masika mara nyingi hushuka mchana, na ni vizuri zikukute umeshamaliza kupanda. Ukifika Namanyere simama, hata kama gari linakwenda vizuri. Sogeza mgongo wa mkono karibu na kila rimu. Iliyo ya moto kuliko wenzake ina breki iliyoshika au beringi inayokufa, na ipelekwe kwa fundi hapo hapo.